Uzito wa Upande Mmoja

Baba yangu alifanya kazi ya mizani kwa zaidi ya miaka thelathini. Kila bamba la shaba lililotoka kiwandani lilipita mbele yake kabla ya kupakiwa kwenye behewa, na yeye ndiye aliyeandika kilo zake. Mizani yenyewe ilikuwa kubwa kuliko chumba chetu cha kulia, lakini alipokaribia kustaafu haikuwa tena na la kumfundisha. Alinyanyua kitu, akafumba macho, akakitikisa mara moja tu, kisha akataja uzito. Alikosea mara chache sana, na akikosea alilaumu upepo.

Likasi nzima ina tabia hiyo kidogo. Mji uliolelewa na shaba hauamini kitu chepesi. Mtu akinunua sufuria, kufuli au pasi, huinyanyua kwanza kabla ya kuuliza bei, na akiiona nyepesi huirudisha na kwenda zake bila neno. Sikujua kwamba ni tabia yetu mpaka nilipokwenda kusoma Lubumbashi, wenzangu wakanicheka dukani kwa kupima kalamu.

Nilipokuwa msichana, Jumamosi tulikuwa tunakwenda pamoja sokoni kununua samaki wa Ziwa Tshangalele. Siku moja baba alinyanyua tilapia mnene, akafumba macho, akamrudisha mezani taratibu.

“Mama, samaki yako ilikula mawe,” alimwambia muuzaji.

Mama yule alikuja juu, akaapa kwa watoto wake. Watu wakakusanyika. Mwishowe alimpasua samaki mwenyewe ili amwaibishe baba, na changarawe zikamwagika mezani. Tulipokuwa tunarudi nyumbani nilimuuliza baba alijuaje. Alisema kwamba samaki mzima uzito wake unakaa katikati, na yule alikuwa anavuta upande mmoja. Alisema hivyo kama mtu anayeeleza kwamba maji yanalowanisha.

Mimi nachora nyumba ambazo bado hazijajengwa. Ofisi moja ya wasanifu majengo ya Lubumbashi inanitumia ramani kwa mtandao, nami natengeneza picha: sebule yenye mwanga wa asubuhi, ngazi, bustani, ili mwenye nyumba aone atakachokilipia. Kuchora ni kazi yangu. Kuigeuza michoro kuwa picha inayofanana na ya kamera ni kazi ya kompyuta, na nyumbani tulizoea kuiita kupika. Laptopu yangu ilikuwa inapika picha moja tangu asubuhi hadi alasiri. Umeme ukikatika katikati, betri ikiisha, tunaanza upya.

Mkuu wa ofisi, mama mwenye adabu ambaye hajawahi kunipandishia sauti, alinipigia simu mwanzoni mwa mwezi. Kulikuwa na mtaa mzima wa nyumba za kuchora kabla ya mvua. Alinipa njia mbili. Nihamie Lubumbashi, nitumie mashine yao kubwa na nipewe kazi ya kudumu. Au, kabla ya mwezi kwisha, nimwonyeshe kwamba kutoka Likasi naweza kutoa picha moja kwa saa moja. Vinginevyo angetafuta mtu mwingine, na hakuwa na kosa.

Shida ilikuwa baba. Kifua chake kimechoka na vumbi la miaka ile yote. Masika iliyopita alianguka uani, nyuma ya jiko, nikiwa safarini, na akalala pale kwenye tope mpaka jirani alipomsikia akikohoa. Mama amezikwa hapa Likasi na baba hataki hata kusikia habari za kuhama. Nilimweleza mkuu wa ofisi kwamba siwezi kumwacha. Nilisema hivyo kwa Kifaransa, kwa sauti, nikiwa nimesimama kwenye korido, na mlango wa chumba cha baba ulikuwa wazi. Sikulifikiria hilo.

Jioni hiyo aliniambia, akiniita mama kama kawaida yake, “Enda, mama. Minye niko na bajirani.”

“Bajirani habatakupikia chai, papa.”

Tuliishia hapo, kama tulivyoishia mwaka uliotangulia.

Basi nikaanza kusoma. Laptopu yangu si mbaya. Inachokosa ni kadi ya grafiki yenye nguvu, na ndani yake hakuna nafasi ya kuiweka. Lakini kadi inaweza kukaa nje, mezani, ikaungwa na laptopu kwa kebo. Sharti la kwanza ni tundu. Ubavuni mwa laptopu yangu kuna matundu mawili yanayofanana kama mapacha, ila moja lina alama ndogo ya radi pembeni. Tundu hilo la radi ndilo lenye njia pana ya kufikisha kadi kwenye kichwa cha mashine. Kwa miaka miwili nilikuwa nalitumia kuchajia simu.

Sharti la pili ni mahali pa kuchomeka kadi. Kuna masanduku mazuri ya chuma, yana kila kitu ndani, na bei yake ilinipita kimo. Kuna pia ubao mtupu, una mfereji wa kuchomekea kadi na miguu minne, hauna kifuniko wala haya. Nikachagua ubao. Vumbi la kiangazi la kwetu ni jekundu na linaingia kila mahali, lakini nilijiambia kwamba brashi ya rangi ninayo na mikono ninayo.

Kuhusu kadi yenyewe nilijitia ujuaji, na nasema kwa roho safi kwamba hapo sikukosea. Vijana kwenye mtandao walikuwa wanagombania kadi mpya, zenye mbio. Mimi nilitaka ya zamani kidogo yenye kumbukumbu kubwa, gigabaiti kumi na mbili, kwa sababu nyumba pamoja na bustani yake na kila jani la bustani lazima vienee vyote ndani ya kadi, la sivyo picha inakataa. Walisema pia kwamba kebo inapunguza nguvu. Ni kweli kwa wanaocheza michezo ya kompyuta, ambao vitu vyao vinapita kwenye kebo bila kukoma. Nyumba yangu inapita mara moja tu. Ikishaingia kwenye kadi, kadi inapika peke yake.

Mfanyabiashara niliyemwendea ana duka dogo karibu na soko. Familia yake ilitoka Maniema zamani, anavaa kofia iliyofumwa, na hajawahi kumharakisha mteja. Baba alinifuata kwa sababu alitaka kunyoosha miguu, akapewa kigoda karibu na mlango. Mfanyabiashara alitandika kadi tatu juu ya kitambaa. Moja ilikuwa na kumbukumbu ndogo, nikaiacha. Ya pili alikiri mwenyewe kwamba ilitoka kwa watu waliokuwa wanachimba pesa za mtandao, ikifanya kazi mchana na usiku bila kupumzika. Nikamweleza baba.

“Ile ni creuseur ya Kambove,” baba akasema, akiifananisha na wachimbaji wa mikono wa migodini. “Sikiliza kwanza kifua yake.”

Nilizungusha feni yake kwa kidole. Ilikwaruza kama mtu mwenye pumu, na sote watatu tukacheka, baba akicheka mpaka akakohoa. Nikachukua ya tatu.

Kilichobaki kilikuwa kisanduku cha umeme, kile tunachokiita alimentation. Ubao hauna umeme wake; kisanduku hicho ndicho kinachoulisha pamoja na kadi. Nilikuwa nimekwisha kupiga hesabu ya wati na kuacha ziada. Mfanyabiashara alikuwa na viwili vilivyotosha. Kimoja kilikuwa kimetumika, kilitolewa kwenye kompyuta ya ofisi, chepesi, lebo yake imefifia lakini inasomeka. Cha pili kilikuwa kipya ndani ya boksi, kina herufi za dhahabu na namba kubwa ya wati, na kilikuwa kizito kama tofali.

Hapa ndipo nilipovimba kichwa. Nilikuwa nimesoma kwamba alimentation nzuri huwa nzito kwa sababu ya shaba iliyomo ndani. Baada ya wiki tatu za kusoma mambo ya wageni, nilikuwa nimekutana na sentensi ambayo ningeweza kuisikia nyumbani kwetu. Na fundi wa jambo hilo alikuwa ameketi kwenye kigoda karibu na mlango. Nikaviweka vyote viwili mikononi mwake.

Kile chepesi alikirudisha upesi. Kile kizito alikaa nacho. Alifumba macho, akakitikisa mara moja, halafu akakitikisa tena.

“Hii,” akasema.

“Iko muzuri, papa?”

“Iko muzito.”

Mfanyabiashara alikohoa kidogo. “Minye ningekamata ile ya zamani,” akasema. “Ile niliipima mwenyewe na mashine. Hii ya mupya sijaifungua. Lakini bantu ya hapa banapenda muzito, njo minye naleta muzito.”

Nilimwambia asiwe na wasiwasi, hamjui mzee huyu ni nani. Nilisema hivyo kwa majivuno, na baba alikuwa anatazama barabarani.

Kesho yake asubuhi umeme ulikuwepo. Niliweka kila kitu kwenye meza ya kulia: ubao, kadi, kisanduku, kebo kwenye tundu la radi. Feni zilianza kuzunguka, laptopu ikasita, kisha ikaitambua kadi na kuandika jina lake. Nilipiga makofi peke yangu. Nilifungua nyumba moja ya ghorofa niliyoijua vizuri, nikabonyeza ipike. Sauti ya feni ilipanda, kukasikika tik, na kila kitu mezani kikazimika isipokuwa laptopu. Nikajaribu tena. Safari hii ilitoka harufu ya plastiki inayoungua, nikaruka kuchomoa waya ukutani.

Baba alikuwa barazani. Kwa kawaida angekuwa amesimama nyuma ya bega langu tangu mapema, akiuliza kila waya jina lake.

“Imekataa?” akauliza kutoka huko nje.

“Imekataa.”

“Basi. Lubumbashi haiko mbali.”

Alilisema upesi mno, kama neno lililokuwa limeshikwa mdomoni tangu alfajiri. Nilidhani ananionea huruma.

Zilibaki siku nne mwezi uishe. Nilishusha sanduku la nguo kutoka juu ya kabati, nikaweka blauzi mbili, nikasimama nikizitazama. Mimi nikishindwa silii, nafungua vitu. Alasiri, baada ya kukiacha kisanduku kipoe saa nyingi, maana hivi vitu hubaki na umeme tumboni hata vikichomolewa, nilichukua bisibisi nikafungua kifuniko.

Ndani kulikuwa na kibao kidogo cha nyaya, hakizidi sana kile cha chaja ya simu. Pembeni yake, kimegandishwa kwenye ukuta mmoja wa chuma na kuzungushiwa utepe mweusi, kulikuwa na kipande cha saruji.

Kwanza nilicheka peke yangu. Mtu fulani, mahali fulani, alikaa akafikiria kwamba kuna watu duniani wanaonunua kwa mkono, akawapikia uzito wao. Nikawaza jinsi nitakavyomhadithia baba. Nikarudisha kifuniko, nikakinyanyua kisanduku kama anavyofanya yeye, nikafumba macho na kukitikisa. Kilivuta kushoto. Kilivuta waziwazi, hata mimi ambaye sikurithi mkono wake nilikisikia kinataka kuniponyoka upande mmoja.

Ndipo nikamkumbuka yule samaki. Kicheko kikaniisha.

Nilikifungua tena, nikaking’oa kile kipande cha saruji, nikaenda nacho barazani. Baba alikuwa ameketi kwenye kiti chake cha kamba. Nilimwekea saruji kwenye kiganja.

“Kilo ngapi, papa?”

Hakufumba macho. Aliitazama tu.

“Uliijua,” nikasema.

“Niliijua.”

“Tangu ku duka?”

“Tangu ku duka.”

Nilikasirika sana, na hasira yangu haipigi kelele, inahesabu makosa. Nilimwambia angeweza kuunguza kadi. Nilimwambia angeweza kuunguza laptopu ambayo ndiyo inayotulisha, na meza ya marehemu mama. Halafu nikasema lile lililokuwa linaniuma kweli.

“Mwenye samaki ulimwambia mbele ya bantu bote. Minye mutoto yako, ukanyamaza.”

Aliigeuza ile saruji mkononi, upande huu na upande ule.

“Ulisema ku telefone kama minye njo nakuzuia,” akasema.

“Sikusema vile.”

“Ulisema vile. Ulisema na heshima, lakini ulisema vile. Sasa uko na miaka ngapi, mama? Utabaki hapa kupika chai mpaka lini? Nilikuambia enda, ukakatala. Nikaona, kama kintu inakatala yenyewe, utaenda.” Akashusha pumzi. “Minye nilipima bintu maisha yangu yote. Sipendi kuwa ile kintu inakuvuta upande moya.”

Niliingia ndani nikakaa kando ya sanduku la nguo. Nilijaribu kujipima mwenyewe kwa haki. Lubumbashi naipenda; nikiwa mwanafunzi nilikuwa na marafiki wa kutosha kule, na siku nyingine, nikimsikia baba akikohoa nyuma ya ukuta, nafikiria chumba changu cha zamani na kimya chake. Hilo ni kweli na sikutaka kulificha. Lakini nilipoyaweka yote pamoja nilitaka kubaki. Nilitaka kubaki, na nilitaka baba aache kuniamulia kwa hila kama mtoto anayefichwa dawa ndani ya uji.

Siku iliyofuata nilirudi dukani peke yangu na kumweleza mfanyabiashara kilichokuwa ndani. Aliona haya mpaka akavua kofia. Alinipa kile kisanduku chepesi badala yake, akakiunga mbele yangu kwenye mashine yake ya kupimia, na namba zilitulia bila kuyumba. Tuliwasha na kadi yangu pia, niliyokuja nayo, ilikuwa nzima. Aliomba nimrudishie kile kibovu amwonyeshe aliyemletea. Nikamwahidi kesho, kwa sababu nilikuwa bado nakihitaji.

Nyumbani niliirudisha saruji mahali pake, nikakaza skrubu zote nne. Halafu nikatoka barazani na visanduku viwili, nikaviweka mikononi mwa baba, kimoja kila mkono, kama nilivyofanya dukani.

“Chagua tena, papa,” nikasema. “Ukinipa ile ya muzito, kesho naenda Lubumbashi, na sitakuuliza kitu. Ukinipa hii ingine, nabaki. Minye nataka kubaki, nakuambia mbele ya kuchagua. Lakini weye sasa sema kweli.”

Alinitazama kuona kama nafanya mzaha. Kisha akavitazama vile visanduku. Jirani alikuwa anatwanga kitu uani kwake, na baba alisubiri mpaka mwanamke yule akapumzika, kana kwamba kelele zingemharibia kipimo. Hakufumba macho, wala hakutikisa. Mkono wa kushoto, wenye ile saruji, aliushusha polepole mpaka kisanduku kikagusa sakafu karibu na mguu wa kiti. Akakiacha hapo.

Kile chepesi alibaki nacho mapajani, amekifunika kwa viganja vyote viwili.

“Hii iko nyepesi,” akasema.

“Iko nyepesi, papa.”

“Lakini uzito yake iko katikati.”

Akakinyoosha kwangu. Nilipokishika hakukiachia mara moja, tukawa tumekishika sote wawili.

“Baki, mama,” akasema. “Tangu nilianguka kule nyuma, minye naogopa kubaki peke yangu.”

Katika maisha yangu yote sikuwahi kumsikia akisema kwamba anaogopa. Nilimwambia hata mimi naogopa, naogopa kila nikitoka mlangoni. Akaitika kwa kichwa, akakiachia kisanduku. Niliinjika maji ya chai jikoni, nikaenda mezani kuunganisha kebo, na picha ya kwanza ilitoka kabla maji hayajachemka.